Hasara Iliyodumu Kuliko Duka

Mwenye duka la vyakula huhesabu kwa siku. Mkate wa leo hauna mnunuzi kesho kutwa, maziwa yana saa zake, na nyanya humjulisha mwenyewe kwa rangi na kwa ngozi kwamba muda wake umekwisha. Mwenye duka la nguo huhesabu kwa misimu. Shati halivundi, hukaa rafuni miezi sita likiwa zima kabisa, na mwenyewe asitambue kwamba limekwisha kufa zamani kwa kuwa watu wamehamia kola ya namna nyingine. Hizi ni hesabu mbili mbali mbali, na mtu aliyelelewa katika moja huona taabu kubwa kuiingia ya pili.

Leo tunapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za kampuni moja ya Marekani iliyokuwa ikiuza vyakula, ikataka kuzishika hesabu zote mbili kwa mkono mmoja. Kampuni hiyo iliitwa Food Fair, na maduka yake ya nguo, vyombo, vitu vya kuchezea watoto na zana za nyumbani, yaliyouza kwa bei nafuu, yaliitwa J. M. Fields. Yalienea mwambao wa mashariki wa Marekani, kutoka New England hadi Florida, na leo hakuna hata moja. Aghalabu Mmarekani aliye chini ya umri wa miaka hamsini hajapata kulisikia jina hilo. Wanaolikumbuka ni watu waliotumwa na mama zao kununua soksi za skuli, na watafiti wachache wanaoandama habari za biashara zilizokufa.

Huenda msomaji akauliza, haya yanatuhusu nini sisi tuliozungukwa na bahari. Tunamwomba astahimili kidogo. Jambo tunalotaka kulionyesha ni kwamba duka lilipokufa, vitu vyake vyote vilitawanyika isipokuwa kimoja, nacho ni hasara yake. Hasara ilitunzwa kwa uangalifu mkubwa, ikarithiwa, ikauzwa, na hatimaye ikasaidia kununua kampuni mashuhuri ya vipodozi. Wakuu wetu wanaoshughulikia leseni, kodi na kumbukumbu za biashara wana la kutazama humo.

Food Fair ilianzia katika mji wa Harrisburg, jimbo la Pennsylvania, mikononi mwa Samuel Friedland na jamaa zake, zama ambazo duka la kujihudumia lilikuwa bado jambo geni. Kabla ya hapo mteja alisimama mbele ya kaunta, akataja haja yake, na mwenye duka akageuka kuchota, kupima na kufunga. Utaratibu ambao sisi hatuhitaji kuelezwa. Supamaketi iliiondoa kaunta, ikampa mteja kapu, na ikaridhika na faida ndogo mno juu ya kila kitu ilimradi vitu viondoke kwa wingi. Katika biashara hiyo, baada ya mishahara, pango, umeme na usafiri, kinachobaki mkononi kwa kila dola iliyouzwa ni senti moja au mbili. Ni biashara ya watu wenye subira na macho makali, maana kosa la senti mbili hula faida yote.

Sasa tuje kwenye maduka ya bei nafuu, na hapa tunaomba ruhusa ya kupita njia ya mbali kidogo, kwa sababu njia hiyo inapita bandarini kwetu.

Wazee wetu walilijua jimbo la Massachusetts kabla ya kuzijua sehemu nyingine nyingi za Marekani. Mwaka 1833 Sayyid Said alitiliana mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa bandari ya Salem katika jimbo hilo, alifika Unguja akiwa konseli. Meli za Salem ziliondoka hapa na pembe, sandarusi na karafuu, zikaleta kitambaa cheupe kigumu cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya New England. Kitambaa hicho kilipata sifa hadi ndani kabisa ya bara, na jina lake limebaki katika lugha yetu mpaka hivi leo: merikani.

Karne moja baadaye viwanda hivyo vilikuwa hoi. Kazi ya kufuma ilikuwa imehamia majimbo ya kusini yenye ujira mdogo, na New England ikabaki na majengo makubwa ya matofali yasiyo na kazi. Ndipo walipotokea wafanyabiashara waliotambua kwamba jengo tupu lenye pango la chini laweza kuwa duka lisilo na madoido: hakuna zulia, hakuna msichana wa kukuonyesha kitambaa, taa ni za kiwandani, na bidhaa zimepangwa mafungu kwa mafungu. Duka la Ann & Hope lilifunguliwa kwa namna hiyo mwaka 1953 katika kiwanda cha zamani cha nguo huko Rhode Island. Jina lenyewe lilikuwa la kiwanda, na kiwanda kilikuwa kimelichukua kutoka kwa jahazi la wafanyabiashara wa Providence. Wakubwa wa biashara walikwenda kulitazama na kuandika walichokiona. Mmoja wao alikuwa Sam Walton, mwasisi wa Walmart. J. M. Fields nalo ni mtoto wa eneo hilohilo la New England na wa fikra ileile.

Ikaja miaka ya 1961 na 1962, ambayo katika historia ya biashara ya Marekani ni kama msimu wa mvua. Mwaka 1962 peke yake zilizaliwa Kmart, Target, Woolco na Walmart. Wauza vyakula nao hawakutaka kuachwa nyuma. Kampuni ya Stop & Shop ya Boston ilinunua maduka ya Bradlees mwaka 1961, na mwaka huohuo Food Fair ikalinunua J. M. Fields. Jewel ya Chicago ilijitwalia Turn Style, na Lucky ya California ikachukua Gemco. Kila mmoja alijenga hoja ileile, nayo haikuwa hoja ya kijinga. Mama wa nyumbani huja kwetu kila wiki kununua nyama na mboga, ana gari, tayari tuna kiwanja na mahali pa kuegesha. Kwa nini akimaliza kununua mchele apande gari aende kwa mtu mwingine kununua fulana? Juu ya fulana tunaweza kupata faida ambayo juu ya mchele hatutaiona maisha. Basi tujenge kando ya supamaketi duka la pili, njia iwe moja, na pesa zote ziingie mfuko mmoja.

Ndivyo ilivyofanyika. Mara nyingi Fields lilisimama ubavuni mwa supamaketi ya Food Fair, au ya Pantry Pride, jina ambalo kampuni ilikuja kulitumia kwa maduka yake ya vyakula ya bei nafuu zaidi. Mteja alipewa stempu za Merchants Green kulingana na alichonunua, akazibandika katika kitabu, na kitabu kilipojaa akabadilishiwa kwa chombo cha nyumbani.

Ila ilikuwa wapi? Tunadhani ilikuwa katika kile kinachoitwa kwetu mali kauli. Muuza vyakula hupokea bidhaa leo na hulipa baada ya wiki kadhaa. Ikiwa sukari imeuzwa yote katika siku kumi, basi siku ishirini zilizobaki pesa za mwenye sukari zinamfanyia kazi mwenye duka. Kwa hiyo supamaketi iendayo vizuri huendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa fedha za watu wengine, na wala hakuna anayelalamika. Mpeleke mtu huyo kwenye makoti ya baridi. Koti huagizwa miezi mingi kabla ya baridi yenyewe. Hufika, hutundikwa, husubiri. Ankara huja kabla ya mnunuzi. Baridi ikiwa hafifu mwaka huo, koti hubaki, na sharti liuzwe nusu ya bei ili kupisha nguo za kiangazi ambazo nazo tayari zimefika na ankara zake. Pesa zilizokuwa zikizunguka kwa siku sasa zimelala kwa miezi, na kwa kuwa mfuko ni mmoja, usingizi wa makoti huyafikia maziwa.

Kuna na jambo la pango. Duka kubwa la aina hii aghalabu halijengwi na mwenye biashara. Hujengwa na mwenye kiwanja, na mwenye biashara huandika mkataba wa miaka ishirini au zaidi. Duka likiwa halina faida katika mwaka wa nne, mkataba haujali. Kufunga kuna gharama, kuendelea kuna gharama, na mkubwa wa kampuni huchagua ile ambayo haitaonekana katika taarifa ya mwaka huu.

Wako waliofaulu katika jaribio hilohilo, na haki ituamuru tuwataje. Hendrik Meijer alikuwa kinyozi katika mji mdogo wa Michigan aliyefungua duka la vyakula mwaka 1934, wakati wa dhiki kuu. Mwaka 1962 yeye na mwanawe Fred walifungua huko Grand Rapids duka la Thrifty Acres, ambamo vyakula na nguo vilikaa chini ya paa moja na kulipiwa kwa keshia mmoja. Inasimuliwa kwamba sakafu ilitiwa zege nene kusudi, ili mambo yakienda kombo jengo ligeuzwe kuwa mahali pa kuuzia magari. Watu hao walikuwa wachache, walikaa karibu na duka lao, na walianza na sakafu nene. Food Fair ilinunua msururu wa maduka yaliyokwisha kuwepo, ukiwa na desturi zake na wakubwa wake, ikaupanua upesi katika majimbo yaliyo mbali mbali.

Dalili zilionekana kwa majirani kwanza. Oktoba 1975 W. T. Grant, kampuni kubwa na kongwe ya maduka ya rejareja, ilikimbilia mahakamani kwa kushindwa kulipa madeni, na katika mwaka uliofuata maduka yake yote yalifungwa. Kuanzia hapo wenye viwanda vya nguo na mabenki wakawa na hofu ya kila duka la aina hiyo. Na hofu ikishamshika anayekupa mali kauli, shingo imekwisha kukabwa: aliyekuwa akikupa siku thelathini hukupa kumi, aliyekuwa akikupa kumi hutaka fedha mkononi, na rafu zilizo tupu humtisha mteja kuliko bei kubwa.

Tarehe 2 Oktoba 1978 Food Fair na Fields ziliomba mahakamani kinga dhidi ya wadai. Kwa supamaketi ilikuwa mwanzo wa safari ya kujiokoa. Kwa Fields ilikuwa mwisho. Maduka yaliuza mali iliyobaki, yakafungwa, na majengo yakachukuliwa na wengine, baadhi na Kmart, baadhi na msururu ulioitwa Jefferson Ward. Mapema mwaka 1979 kampuni iliyafunga hata maduka yake ya vyakula katika eneo la Philadelphia, mji uliokuwa makao yake, ikahamishia nguvu zake Florida.

Hayo ndiyo maisha ya Fields kwa ufupi. Msomaji aliyezoea vitabu vya historia atadhani kwamba kuyakusanya ni kazi nyepesi, maana haya si mambo ya kale. Yametokea katika nchi yenye magazeti, maktaba na mashine za kunakili. Hebu ajaribu.

Mtafiti huanza na matangazo ya magazeti. Katika maktaba za miji ya Marekani magazeti ya zamani yamehifadhiwa katika mikrofilamu, na siku hizi mengi yaweza kusomwa kwa kompyuta. Tangazo la duka la bei nafuu ni ukurasa mzima wa picha za mashati, pasi na baiskeli, lakini mtafiti mzoefu hatazami picha. Hutazama chini kabisa, kwenye safu ya herufi ndogo zilizoandikwa anwani za matawi. Hapo ndipo palipo na sensa. Anwani moja ikiongezeka, tawi limefunguliwa. Ikitoweka na isirudi, tawi limekufa, na hata kama gazeti halikuandika habari ya kufungwa kwake, tarehe imekwisha kupatikana kwa tofauti ya wiki moja. Ni kazi ya kuchosha macho, lakini twaiona kuwa ya kweli kuliko taarifa nyingi za wakurugenzi. Humo pia hujificha mitego. Chicago kulikuwa na duka kubwa la fahari la Marshall Field, ambalo halina uhusiano wowote na Fields letu, na mtafiti asiye makini anaweza kurudi nyumbani na faili nene la duka la mtu mwingine.

Baada ya magazeti huja hesabu za kampuni. Tangu mwaka 1934 iko tume ya serikali ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa, na kila kampuni ambayo hisa zake huuzwa hadharani lazima iiletee taarifa ya mwaka. Taarifa za Food Fair ni pana, lakini anayemtafuta Fields humo ni kama anayetafuta chumvi katika mchuzi: imo, hakuna shaka, ila imekwisha kuyeyuka. Sheria iliitaka kampuni mama ichanganye hesabu zake na za watoto wake, na katika kuchanganya, swali ambalo sote tungependa kuuliza, yaani Fields lilikuwa likipata au likipoteza na tangu lini, hufunikwa na ushindi wa nyama na mboga.

Mahakama ndiyo hazina isiyotazamiwa. Tutatoa mfano wa duka jingine la aina hii ili msomaji aone tunalolisema. Mwaka 1961 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliamua kesi ya McGowan na jimbo la Maryland. Wafanyakazi saba wa duka kubwa la bei nafuu lililo kando ya barabara kuu walikuwa wametozwa faini ya dola tano kila mmoja kwa kuuza siku ya Jumapili vitu vilivyokatazwa na sheria ya jimbo. Majaji waliitafakari katiba kwa kurasa nyingi, na sheria ikathibitishwa. Lakini ndani ya hukumu hiyo vimeorodheshwa vitu vyenyewe vilivyouzwa: faili la kuwekea karatasi, kopo la nta ya kusugulia sakafu, kifaa cha kubania karatasi na pini zake, na manowari ya kuchezea watoto. Hakuna mwanahistoria aliyetuhifadhia kapu la mteja wa Jumapili ile; polisi na karani wa mahakama ndio waliotuhifadhia.

Kisha kuna majengo yenyewe. Paa bapa, ukuta mrefu usio na madirisha, kiwanja cha lami kinachotosha magari mia kadhaa: jengo kama hilo huvaa jina la tatu au la nne, mwaka huu ukumbi wa mazoezi, mwaka ujao kanisa au ghala. Daftari la ardhi la wilaya litataja mwenye kiwanja na mkataba wa pango, na ramani za kupigwa picha kutoka angani zitaonyesha mwaka ambao lami ilitandikwa. Kumbukumbu za watu huja mwisho, na si kwa kudharauliwa. Mtu aliyekuwa keshia akiwa na umri wa miaka kumi na minane anakumbuka harufu ya bisi mlangoni na jina la msimamizi mkali, lakini mwaka huukosea kwa mitatu au minne, na hulihamisha duka kutoka upande mmoja wa barabara hadi wa pili.

Hapa tunarejea bandarini kwetu kwa mara ya pili, kwa kuwa kuna jambo linalotukera. Barua na madaftari ya wafanyabiashara wa Salem waliouza merikani Unguja katika miaka ya 1840 yamehifadhiwa, yamesomwa, na sehemu yake imechapishwa kitabuni. Twaweza kujua kwa maandishi ya wakati ule mali gani ilishushwa na kwa sharti gani. Lakini bei ya shati katika Fields la mwaka 1970, katika nchi hiyohiyo, lazima isakwe katika tangazo lililofifia. Na sisi? Nyaraka zetu za Taifa pale Kilimani zinampokea mtafiti wa mambo ya masultani na makonseli. Je, zitampokea na kumridhisha anayetaka kuandika habari za maduka ya serikali ya baada ya 1964, ambayo kila mtu mzima wa hapa anakumbuka foleni zake? Duka likifungwa Darajani au Mlandege, daftari lake huenda wapi? Wengi tumekula njugu zilizofungwa katika ankara za maduka yasiyokuwepo tena, na tumezisoma hadi mstari wa mwisho kabla ya kuitupa karatasi. Wakuu wanaohusika na leseni za biashara wangetufaa sana kama wangeweka kanuni ndogo, kwamba faili la biashara iliyofungwa lipelekwe mahali fulani panapojulikana badala ya kuachwa kwa mchwa. Haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji chumba kikavu na karani anayejua alfabeti.

Tumesema kwamba kitu kimoja cha Fields hakikutawanyika. Sasa tukieleze.

Sheria ya kodi ya mapato ya Marekani inamruhusu mfanyabiashara aliyepata hasara mwaka huu kuibeba mbele na kuitoa katika faida ya miaka ijayo, ili alipe kodi juu ya kile kinachobaki tu. Katika miaka ya 1980 hasara iliweza kubebwa kwa miaka 15. Kanuni yenyewe ina uadilifu wake: mvuvi aliyepoteza nyavu mwaka huu na kuvua vyema mwaka ujao, ukimtoza kama kwamba hakupoteza kitu, umemtoza kwa faida asiyokuwa nayo. Lakini tazama inavyokuwa mvuvi mwenyewe anapoweza kuuzwa pamoja na hasara yake.

Kampuni ya Food Fair, iliyokuja kuitwa Pantry Pride, ilitoka mahakamani mwaka 1981 ikiwa imepungua sana: maduka machache, hakuna Fields, na katika vitabu vyake hasara iliyolimbikizana ya mamia ya mamilioni ya dola, iliyotokana na miaka ya kuanguka na kufunga. Kwa mama aliyekuwa akinunua mboga Philadelphia, hapo palikuwa na kampuni iliyokimbia. Kwa mtu ajuaye kodi, palikuwa na ghala lililojaa. Anayeimiliki Pantry Pride, akiiunganisha na biashara yenye faida kubwa, angeweza kuizamisha faida hiyo ndani ya hasara ya zamani na kuchukua fedha bila ya mkusanya kodi kuigusa.

Mtu aliyeliona hilo alikuwa Ronald Perelman, tajiri wa New York, ambaye kwa kampuni yake ya MacAndrews & Forbes aliitia Pantry Pride mkononi mwaka 1985. Mwaka huohuo, akitumia jina la kampuni hiyo ya vyakula, na fedha zilizokusanywa na benki ya Drexel Burnham Lambert kwa hati za mkopo zenye riba kubwa na dhamana hafifu, alitaka kuinunua Revlon, kampuni ya rangi za midomo na kucha iliyokuwa kubwa kuliko Pantry Pride mara nyingi. Wakurugenzi wa Revlon walikataa kwa ghadhabu. Walimtafuta mnunuzi mwingine, kampuni ya Forstmann Little, wakampa masharti ya kumpendelea. Pantry Pride ilianza na dola 47 na senti 50 kwa kila hisa, ikapanda 50, ikapanda 53, ikapanda 56 na senti 25; Forstmann ikafika 57 na senti 25; Pantry Pride ikasema 58.

Shauri lilikwenda katika mahakama za jimbo la Delaware. Mahakama kuu ya jimbo hilo iliamua tarehe 1 Novemba 1985, na hukumu kamili ikatolewa Machi 1986: wakurugenzi wakishaamua kwamba kampuni itauzwa, wajibu wao ni kuwapatia wenye hisa bei iliyo bora, wala hawana ruhusa ya kumfungia mlango mnunuzi mmoja kwa kumpenda mwingine. Hukumu hiyo inafundishwa mpaka leo kwa kila mwanafunzi wa sheria ya makampuni Marekani. Jina la supamaketi iliyoshindwa kulipa madeni ya viazi na soksi linatajwa darasani kila mwaka na watu ambao hawajawahi kununua kiazi humo.

Hatusemi kwamba jambo lolote katika hayo lilivunja sheria. Tunasema kwamba waliokuwa wakisimama nyuma ya kaunta za Fields waliondoka bila kazi, wenye viwanda waliopeleka mashati kwa mali kauli walisubiri foleni ya wadai, lakini hasara ya kampuni, ambayo nao walikuwa wameibeba, ilikuwa na mwenyewe na thamani yake. Hazina ya serikali ya Marekani nayo ilikosa kodi ambayo ingeipata kwa Revlon. Bunge la nchi hiyo liliona, na katika sheria ya marekebisho ya kodi ya mwaka 1986 lilibana sana uwezo wa mnunuzi kutumia hasara ya kampuni aliyoinunua. Wenzetu wanaotunga sheria za uwekezaji wangefanya vyema kukisoma kifungu hicho kwa utulivu, na kuulizana kama katika sheria zetu yupo mtu anayeweza kununua hasara, na kama yupo, nani anamtazama.

Ama jaribio lenyewe la kuweka mchele na fulana mahali pamoja, halikufa na Fields. Mwaka 1988 Walmart, iliyoanza na nguo na vyombo, ilifungua katika mji mdogo wa Washington, jimbo la Missouri, duka lake la kwanza kubwa lenye vyakula na bidhaa nyingine chini ya paa moja, na kwa njia hiyo ikaja kuwa muuza vyakula mkubwa kuliko wote Marekani. Bradlees lilifungwa mwaka 2001. Kmart, iliyorithi baadhi ya majengo ya Fields, ilifunga duka lake kubwa la mwisho katika bara la Marekani Oktoba 2024, na vijana wenye kamera walikwenda kupiga picha kila rafu siku za mwisho, jambo ambalo hakuna aliyewafanyia Fields.

Pantry Pride, baada ya kuinunua Revlon, ilibadili jina na kuitwa Revlon Group. Maduka ya vyakula yaliyosalia yaliuzwa.